Daktari Aliyenituma Nisikotaka

Watu wa mitaa ya Eastlands husema mengi juu ya Daktari. Husema aliutambua ugonjwa kwa kusikia tu mtu akikohoa njiani, kabla hajaufikia mlango. Husema hakumtoza maskini hata senti. Husema waliong'ang'ania sindano aliwadunga maji matupu, wakapona kwa imani yao wenyewe. Mimi nilikaa naye chumba kimoja nikimtazama akifanya kazi, na ninashuhudia yafuatayo. Waliokohoa aliwasikiliza kifua kwa stetoskopu kama daktari mwingine yeyote, na mgongoni alirudia. Maskini aliwatoza, ila kidogo, na alikasirika walipojaribu kumpigia magoti badala ya kulipa. Mabomba ya sindano niliyachemsha na kuyajaza mimi, wala halikuwamo hata moja lenye maji matupu. Mtu anayestahili kukumbukwa hahitaji kuongezewa chumvi. Nitaandika niliyoyaona na niliyoambiwa ana kwa ana. Mengine nawaachia wanaoyapenda.

Kliniki yake ilikuwa katika safu ya maduka upande wa Barabara ya Jogoo, kati ya fundi wa viatu na muuza mafuta ya taa. Ilikuwa na vyumba viwili na veranda yenye benchi refu. Kwenye benchi hilo makarani wa serikali waliohamia Buruburu, wenye tai na magazeti, walikaa bega kwa bega na akina mama wa Dandora waliokuja na vumbi la saruji miguuni, kwa kuwa wakati huo Dandora kila mtu alikuwa akijijengea. Hapakuwa na foleni ya wakubwa. Aliyetangulia ndiye aliyeingia, na mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Sista, muuguzi wa makamo kutoka Nyeri, mama mfupi mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira.

"Wewe wa tai," nilimsikia akimwambia bwana mmoja aliyejipenyeza, "huyo mtoto amekutangulia kuumwa."

Niliingia humo nikiwa mwanafunzi wa udaktari, na haikuwa kwa kupenda kwangu. Chuo chetu kilimpa kila mwanafunzi vipindi viwili vya hiari, yaani majuma kadhaa ambayo mtu huachiwa achague mwenyewe idara au hospitali ya kujifunzia. Wenzangu walivitumia vipindi hivyo kujionyesha kwa mabingwa waliotaka kuwafuata baadaye. Mimi nilitaka upasuaji. Nilikuwa na mikono mitulivu na profesa wa upasuaji alikuwa amekwisha kuiona. Lakini kipindi cha kwanza kilipofika profesa alikuwa safarini, na baba yangu, karani wa reli aliyekuwa akitibiwa presha kwa Daktari, akaniambia, "Badala ya kukaa nyumbani ukihesabu mabati, nenda kakae na Daktari uone watu." Baba alijutia maneno hayo baadaye, kama nitakavyoeleza.

Siku ya kwanza Daktari hakuniuliza nilichojifunza chuoni. Aliniuliza kama nilijua kuwasha stovu.

Sababu ya swali hilo niliielewa baada ya siku chache. Zama hizo sindano zilikuwa za kioo na chuma, zikichemshwa katika sufuria ndogo, na watu wa mitaa yetu waliamini kwamba daktari asiyedunga hajatibu. Mtu angeweza kupewa dawa bora duniani akaondoka akinung'unika kuwa ametazamwa tu. Daktari hakupoteza muda kubishana na imani hiyo. Alichofanya ni kuwasha stovu mgonjwa alipoketi, kuiweka sufuria juu yake mbele ya macho ya mgonjwa, na kusema, "Haya, tuzungumze wakati maji yanachemka." Kalamu haikuguswa mpaka maji yatokote. Mgonjwa, kwa kuwa aliiona sindano yake inaandaliwa, alitulia akazungumza. Mara nyingi maji yalipotokota ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba sindano haihitajiki, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyesema hivyo.

Namkumbuka utingo mmoja, kijana mwenye kofia iliyokaa upande, aliyeingia akiwa bado anapiga miluzi.

"Dokta, mi niko fiti. Nidunge moja tu ya kichwa nihepe, gari linaningoja."

"Maji hayajachemka."

"Nidunge na baridi, buda. Mi si mtoto."

"Baridi inavunja sindano," alisema Daktari, jambo ambalo si kweli, na ambalo ni uwongo wa pekee niliowahi kumsikia akimwambia mgonjwa. "Kichwa kinauma saa ngapi?"

"Saa zote. Hasa nikilala. Sasa, kulala kwenyewe…" Kijana akaishika kofia. Kisha akasema kwamba tangu abiria mmoja aanguke mlangoni mwa gari lake hajalala usiku mzima, maana akifumba macho husikia mlio ule. Sufuria ilitokota, ikaendelea kutokota, na hakuna aliyeiangalia. Alipotoka alikuwa ameivua kofia.

Sista alikuwa na maelezo yake. "Mzee anachemsha watu," aliniambia. "Sindano ni kisingizio."

Mimi nilikuwa na mashaka. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba kila dakika ya daktari wa hospitali kuu ni ya thamani, huu ulionekana uvivu uliovishwa hekima. Nilimwambia hivyo Daktari, kwa adabu niliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi. Hakukasirika. Alisema, "Inawezekana. Hesabu wanaorudi na ugonjwa uleule, kisha utaniambia." Alipenda kujibiwa kwa ushahidi, na nadhani hapo ndipo tulipopatana.

Mchana, benchi likiisha, alikwenda kuwatazama wagonjwa majumbani. Alikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa ambalo mlango wake wa kushoto ulifunguliwa kwa nje tu, kwa hiyo abiria alisubiri kufunguliwa kama bibi harusi. Kila nyumba tuliyoingia aliomba maji ya kunywa. Nilidhani ana kisukari. Ndipo nikaona kwamba maji yalipoletwa macho yake yalikuwa yamemfuata mletaji: yanatoka kwenye mtungi uliofunikwa au ndoo iliyo wazi, kikombe kiko kimoja au vingi, ni nani anayeamriwa kuyaleta, na ni nani asiyethubutu kunyanyuka. Kwa kikombe kimoja cha maji alijua mengi kuliko niliyoyapata kwa maswali ya ukurasa mzima.

Kisha akayanywa. Hilo lilinishinda. Mtu yuleyule aliyewahubiria akina mama wa Dandora wachemshe maji alikuwa akimeza kila alichopewa.

"Daktari, hayo yamechemshwa?"

"Tutajua kesho," alijibu, akapangusa mdomo. Ndani ya gari aliongeza: "Nikiyakataa maji yao, hawatanipa maneno yao."

Alikuwa mtu wa kujipinga namna hiyo. Aliwakemea wavutaji wa sigara, naye alikuwa na kikopo cha ugoro mfukoni, akiuvuta kwa siri nyuma ya kliniki kama mtoto wa shule, kisha akirudi na chafya zilizomfichua kwa mtaa mzima. Aliwadai watu wafike kwa wakati, naye kanisani hakuwahi kufika kabla ya wimbo wa pili. Alipofika aliimba besi kwa nguvu, nje ya sauti, hata mwalimu wa kwaya akawa anamwekea kiti karibu na dirisha. Alisema umbea ni ugonjwa wa kuambukiza, lakini aliuliza habari za kila mtu: nani amehamia, binti ya nani hajaonekana, kwa nini fundi wa viatu amefunga mapema. Tofauti ni kwamba kilichoingia kwake hakikutoka. Nilipata kumsikia mke akimbembeleza amweleze mumewe alikuja kutibiwa nini. "Mama," alimjibu, "hata wewe mumeo akija kuuliza, nitamwambia nilikuona sokoni."

Na aliogopa mbwa. Mtu aliyewahi kuzalisha mama ndani ya lori lililokwama matopeni, mimi nikimsaidia, alisimama nje ya malango ya Buruburu akipiga honi, akikataa kushuka mpaka mbwa afungwe. Watoto wa mtaa walilijua hilo. Walimpigia kelele kwa mbali, "Daktari! Yuko huku! Yuko huku!" hata kama hapakuwa na mbwa, naye alirudi garini mbio, mkoba ukimpiga mapajani. Hakuwahi kuwakaripia. Alisema hofu ya mtu mzima ikiwachekesha watoto, basi angalau imefanya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo lililoyageuza maisha yangu.

Alikuwapo mchonga vinyago mmoja, mtu wa Ukambani, aliyepanga chumba Dandora. Alikuja kliniki mara kwa mara akisema moyo unampiga vibaya na kifua kinabana. Nilimpima mimi. Nilisikia moyo uendao kasi, nikajenga juu yake nyumba nzima ya magonjwa niliyoyasoma, nikapendekeza apelekwe hospitali kuu akapigwe picha na kupimwa mishipa. Daktari alikubali. Vipimo vilirudi visafi. Mtu akaja tena na kifua kilekile.

Tulikwenda kwake mchana mmoja. Chumba kilikuwa kimejaa mbao na vumbi la mbao, na ukutani walisimama twiga, wengi, wamepangwa kwa urefu. Daktari aliomba maji, na mchongaji mwenyewe akayaleta, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine. Daktari akanywa, akawatazama wale twiga kwa muda.

"Mzee mwenzangu, hawa mbona hawana macho?"

"Nitawamalizia."

"Wote?"

Mchongaji alimshika mmoja akamgeuza mkononi. "Nikifika machoni mkono unakataa," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani, akaeleza kwamba mkewe alifariki kabla ya mvua zilizopita, watoto wakachukuliwa na bibi yao kule Kitui, na tangu siku hiyo mkono unakataa. Moyo ulianza kukimbia baadaye. Hakuona kwamba mambo hayo yana uhusiano. Wala mimi sikuwa nimeona.

Nilimtazama Daktari nikitarajia neno kubwa. Alimpa pole, akamshika bega, akakaa naye mpaka jua likaanza kupungua kwenye mabati. Tulipotoka na kuingia garini hakuwasha injini.

"Umeona nilivyofika pale?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Umeona nilichofanya baada ya kufika?"

"Sikukiona."

"Hukukiona kwa sababu hakikuwapo. Mimi najua kuuliza, kijana. Jibu likija la namna ile sina dawa yake wala mbinu yake. Wakati wetu hatukufundishwa. Nimemshika bega, na bega si tiba."

Ndipo nilipoamua. Sikuamua kwa kuguswa, maana sikuwaamini watu waliochagua kazi kwa kuguswa. Niliamua kwa sababu nilikuwa nimeona kosa langu juu ya moyo wa mchongaji, na nikaona upungufu wa Daktari, na nikaona kwamba vyote viwili vinaweza kusahihishwa na mtu mmoja aliyefunzwa vizuri. Nilitaka kuwa daktari wa familia, yaani wa nyumba nzima, mwili na akili pamoja. Nchini wakati huo hapakuwa na mafunzo ya ubingwa huo. Aliyemaliza chuo bila kubobea aliitwa daktari wa kawaida, na neno kawaida lilitamkwa kama tusi. Ng'ambo mafunzo yalikuwapo. Nafasi zilikuwa chache, na waliochagua waombaji walitaka kujua hasa mtu alivitumiaje vipindi vyake vya hiari.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Daktari na hoja iliyoniridhisha. Kipindi cha kwanza nimekifanya kwako, nikamwambia. Cha pili nacho nikifanye kwako. Waliokusudia udaktari wa familia, ni wapi pengine watajifunza kama si kwa daktari wa familia? Wakiniona nimekaa humu mara mbili watajua sitanii.

"Hapana," alisema.

Nilidhani ananijaribu. Nikarudia hoja.

"Nimesikia, na hoja ni nzuri, na jibu ni hapana. Kwangu umekwisha kupata nilicho nacho. Ukirudi utajifunza makosa yangu tu, tena utayajifunza vizuri." Akavuta kiti karibu. "Niambie, katika hospitali yenu kubwa, wodi gani ukipita mlangoni unaharakisha hatua?"

Sista, aliyekuwa akikunja bendeji, alijibu kwa niaba yangu. "Ya wendawazimu. Juzi alipomwona hapa benchini yule mama anayezungumza na ukuta alikimbia kama Mzee na mbwa."

"Basi nenda huko," alisema Daktari.

"Majuma yote?"

"Yote. Na miezi ya likizo yako nenda hospitali ndogo ya wilaya uzalishe akina mama mpaka mikono iache kutetemeka."

"Mikono yangu haitetemeki."

"Ya upasuaji haitetemeki. Nilikuona siku ya yule mama wa lori."

Nikasema, kwa uchungu, kwamba nikienda kwa wagonjwa wa akili, wachaguzi wa ng'ambo watafikiri nataka kuwa daktari wa akili, na nitaikosa nafasi. Hapo kwa mara ya kwanza na ya mwisho alinipandishia sauti.

"Usichague ili uchaguliwe! Hao watakuona dakika chache mezani. Yule mchongaji utamwona miaka ishirini. Chagua kwa ajili yake."

Nilitoka bila kuaga. Sista alinifuata mpaka kwa fundi wa viatu. "Daktari mdogo, usinune," akasema. "Unadhani anakufukuza? Benchi lote lile linamuuliza kila wiki, huyu kijana ndiye atakayebaki nasi? Naye hajibu. Hataki kukuomba. Akikuomba utabaki kwa huruma, na mtu wa huruma huchoka."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, ndiyo maana nayaandika.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Profesa wa upasuaji alikuwa amerudi na alinitumia habari kwamba kipindi cha pili ananitaka chumba cha upasuaji. Nilipokataa aliniita ofisini, akanitazama mikono, akasema, "Mikono hii unakwenda kupimia mafua?" Baba naye, aliposikia, aliacha chakula.

"Nimekaa reli miaka yote hii ili mwanangu akazungumze na vichaa?"

"Baba, ni wewe uliyenipeleka kwa Daktari."

"Nilikupeleka ukamsalimie! Sikukupeleka ukawe yeye." Akamgeukia mama. "Watu watauliza, mtoto wako ni daktari wa nini? Nitawajibu nini? Wa kila kitu? Wa kila kitu ni wa hakuna kitu."

Nilikwenda katika wodi ile. Juma la kwanza sikulala vizuri, na sitadai kwamba woga uliisha kwa muujiza. Uliisha kwa mazoea, kama woga mwingi. Nilijifunza kutofautisha huzuni na ugonjwa wa huzuni, nikajifunza dawa zake na kiasi chake, na zaidi ya yote nikajifunza kukaa kimya mbele ya mtu bila kukimbilia kumfariji. Mchongaji nilimpeleka mwenyewe kwa bingwa aliyenifundisha. Hakupona kwa haraka. Lakini moyo uliacha kukimbia, watoto wakarudi kutoka Kitui, na ingawa twiga wale hakuwagusa tena, alianza kuchonga vifaru. Likizo ilipofika nikaenda wilayani nikazalisha, usiku na mchana, mpaka jambo hilo nalo likawa kazi badala ya hofu.

Kwenye usaili waliniuliza lilelile nililoliogopa. Mzungu mmoja mwenye miwani alisema, "Ulisifiwa na bingwa wa upasuaji. Kwa nini ukaenda wodi ya akili?" Nikamweleza habari za twiga wasio na macho, bila kuzipamba. Aliandika kitu, wakanishukuru, na baada ya kungoja kwa muda mrefu nikapata nafasi. Kama nisingeipata, ningekuwa bado nimechagua sawasawa. Hilo Daktari aliniambia kabla majibu hayajafika, nami sikumwamini, leo namwamini.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye gari la baba, lakini hakufika uwanja wa ndege kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Sikuahidi kurudi na yeye hakuniuliza. Baba ndiye aliyeuliza, na Daktari akamjibu badala yangu: "Mwache mtoto ajifunze. Ahadi ya mtu anayeondoka ni mzigo kwa anayebaki."

Nilirudi. Sitaeleza miaka ya ng'ambo, kwa kuwa picha hii si yangu. Nilipewa kazi katika kituo cha afya cha mitaa yetu, si mbali na kliniki yake. Yeye alikuwa ameacha kuendesha gari na alikuwa akiona wagonjwa asubuhi tu. Tulisalimiana Jumapili kanisani. Mtaani palianza kuzungumzwa kwamba Daktari amezeeka, kwamba amesahau hili, amechanganya lile. Sikuyasikiliza. Nilikuwa nimekwisha kuona mtaa ule ukimpa sifa asizostahili. Sikuona kwa nini niuamini ulipompa lawama.

Alasiri moja nilifungua mlango kumwita mgonjwa anayefuata nikamwona ameketi kwenye benchi langu, amevaa koti lake la Jumapili, kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo. Nikamwambia aingie. "Huyu mama amenitangulia," alisema. Nikamwona yule mama kwanza, kisha mzee, ambaye naye alikuwa amemtangulia, kisha yeye.

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Sikuwahi kumwona kwenye kiti hicho popote.

"Sina daktari," akasema. "Nimekuja kumchukua mmoja."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jumatatu niliandika dawa ya mtoto kwa kipimo cha mtu mzima. Sista akaniuliza, Mzee, hiki ni kiasi cha nani? Nikamwambia ni kalamu imeteleza. Jana nimefanya tena, mtoto mwingine. Sista hakuniuliza, alisahihisha tu akafikiri sikumwona." Alitazama mikono yake. "Watu watakuambia ni uzee. Wewe hutumii maneno ya watu. Nipime, kisha uniambie kama niache na lini. Usinizungushe."

Nilimpima kama nilivyofundishwa kumpima yeyote. Nilimpa majina ya vitu vichache ayashike. Nikamwomba atoe saba kutoka mia, na saba tena, na saba tena. Nikamwomba achore uso wa saa. Aliyajua maswali yote. "Hili ni la sehemu ya mbele ya ubongo," alinieleza mara moja, na alikuwa sahihi. Lakini hesabu ilikwama mapema. Majina ya vitu yalikuwa yamepotea, na namba za saa alizisongamanisha zote upande mmoja, kama watu wanaokimbilia kivuli. Aliitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu kuliko mimi.

Nilikumbuka njia nyingi za upole za kusema jambo kama lile. Nimewafundisha vijana wengi njia hizo, na ni njia nzuri. Kwake hazikufaa.

"Uache, Daktari," nikasema. "Leo. Usirudi asubuhi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa kipimo alichokitarajia. Macho yake yalilowa, naye hakuyapangusa wala mimi sikumwambia neno la kumfariji.

"Kesho," alisema hatimaye, "kuna yule mama wa presha, wa nyumba ya kona. Ukimwongezea dawa huacha kuzimeza zote. Na yuko fundi wa viatu, anaficha damu kwenye choo, umuulize akiwa peke yake." Hayo hakuyasahau. "Nani atawaona?"

"Mimi."

"Na kituo hiki?"

"Nimekwisha kulifikiria. Asubuhi kwako, alasiri hapa, mpaka wapate mtu."

"Umelifikiria tangu lini?"

"Tangu ulipokataa kunipokea."

Alisimama kwa shida, akaukataa mkono wangu, akafunga vifungo vya koti lake kimoja baada ya kingine. Nikaandika kilichopaswa kuandikwa na siku ya kumwona tena. Aliufungua mlango mwenyewe. Nje palikuwa na msichana mjamzito amekalia ukingo wa benchi, na alipomwona mzee anatoka alianza kunyanyuka ili ampishe. Daktari alimzuia kwa kiganja, akaushikilia mlango ukae wazi.

"Ingia, mama," akamwambia. "Daktari yuko ndani."